Ana meza ya vitumbua, je, anastahili ruzuku ya TASAF?

Wazazi wengi wenye biashara ndogo huogopa kuitaja mbele ya wanaoandikisha kaya maskini. Hofu hiyo inaweza kuwagharimu wao na afya ya watoto wao.

Saa kumi alfajiri, mtaa ukiwa bado umelala, jiko la mkaa limeshashika moto. Mchele ulilowekwa tangu jana mchana, ukasagwa jioni, ukachanganywa na tui la nazi, sukari, iliki na hamira, na sasa umeumuka kwenye ndoo. Mama anamimina upawa mmoja mmoja kwenye chuma cha vitumbua na kugeuza kwa kijiti, huku mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiwa amelala mgongoni. Ikifika saa kumi na mbili, sinia liko mezani nje ya nyumba na wateja wa kwanza wameanza kufika: kondakta, fundi ujenzi, wanafunzi wenye sare.

Mama wa aina hii yupo karibu kila mtaa na kila kijiji nchini. Katika makala haya abaki kuwa mfano wa wengi, kwa jina ambalo majirani humpa mtu wa kazi yake: Mama Vitumbua. Ana watoto watatu, anaishi na mama yake mzazi mwenye shinikizo la damu, na hana mshahara. Kuna siku anauza sinia zima. Kuna siku mvua inanyesha tangu alfajiri na vitumbua vinaliwa na watoto wake mwenyewe.

Siku ikitangazwa kwamba wawezeshaji wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, wanakuja kutambua kaya za walengwa, maneno huanza kisimani na kwenye foleni ya mashine ya kusaga. “Shoga, ukisema una biashara, jina lako linakatwa.” Basi meza inaingizwa ndani, chuma cha vitumbua kinasukumwa uvunguni, na mama anajiandaa kusema hana kazi yoyote.

Je, ana sababu ya kuficha? Kwa jinsi mpango huo ulivyojengwa, kuwa na biashara ndogo peke yake hakumwondoi mtu kwenye orodha. Kinachoangaliwa ni hali ya kaya nzima. Tena mpango wenyewe una sehemu iliyowekwa kwa ajili ya kuwasaidia watu kama Mama Vitumbua wakuze kile wanachokifanya.

MPANGO UNAOPIMA KAYA, SI MSHAHARA

TASAF ilianzishwa mwaka 2000. Katika awamu zake mbili za kwanza ilifahamika zaidi kwa kujenga madarasa, zahanati na visima pamoja na wananchi. Mwaka 2012 ilianza awamu ya tatu iliyoleta Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na hapo ndipo fedha taslimu zilipoanza kwenda kwenye kaya kwa upana wa nchi. Kipindi cha kwanza kilifikia takriban asilimia 70 ya vijiji, mitaa na shehia. Kipindi cha pili, kilichozinduliwa Februari 2020, kililenga kufika maeneo yote ya Tanzania Bara na Zanzibar. Kaya zaidi ya milioni moja zimepita kwenye mpango huo.

Tofauti na mkopo wa benki, huku mtu haendi kujaza fomu siku anayotaka. Kaya hutambuliwa kwa awamu, na utambuzi una hatua zake. Kwanza huitishwa mkutano wa wananchi wa kijiji, mtaa au shehia. Wananchi wenyewe hujadili vigezo vya kaya maskini sana katika eneo lao, kisha hutaja kaya zinazofanana na vigezo hivyo. Baada ya hapo kila kaya iliyotajwa hutembelewa na kujaziwa dodoso. Majibu huchakatwa kwa kompyuta, na orodha hurudishwa kwa jamii ili ithibitishwe.

Kwenye hilo dodoso ndiko kunakoleta hofu. Hata hivyo, wanaolijaza hawaombi hati ya mshahara, kwa sababu waliolibuni wanajua kwamba maskini wengi nchini hawana hati hiyo. Wanajilipa wenyewe, tena kwa siku. Mtu anayeuza mboga, kushona viatu, kuponda kokoto au kuvua dagaa hawezi kusema kwa uhakika alipata kiasi gani mwezi uliopita.

Kwa hiyo dodoso huangalia dalili za maisha ambazo hazibadiliki kila siku. Kaya ina watu wangapi na umri wao ni upi. Nani ana ulemavu. Watoto wanasoma au la. Nyumba imeezekwa kwa nini, sakafu ni ya udongo au ya saruji, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani. Kaya inapikia nini na inamulika kwa nini. Ina ardhi, mifugo, redio, baiskeli. Mambo hayo yote hujumlishwa ili kukadiria uwezo wa kaya kujikimu.

Katika mjumuisho huo, meza ya vitumbua ni kitu kimoja kati ya vingi. Anayeificha hajabadilisha paa la nyumba yake wala idadi ya watoto wake. Alichofanya ni kutoa jibu ambalo jirani yeyote anaweza kulikanusha, kwa sababu mtaa mzima hununua vitumbua kwake.

MAUZO SI FAIDA

Hatari kubwa zaidi ya kukatwa kwa sababu ya biashara huwa kwenye mkutano kuliko kwenye dodoso. Maneno kama haya si mageni katika mikutano ya hadhara: “Mwenyekiti, huyu dada kila siku tunamwona na sinia limejaa. Hela anazo. Wapo wenye shida kuliko yeye.”

Mzungumzaji huyo huenda hana nia mbaya. Ameona mauzo, hajaona matumizi. Hata mwenye biashara mwenyewe mara nyingi hawezi kumjibu, kwa kuwa hajawahi kukaa chini akahesabu.

Chukulia hesabu hii ya mfano. Mama Vitumbua anauza vitumbua 120 kwa siku, kila kimoja shilingi 200. Mauzo ni shilingi 24,000. Kilo tatu za mchele kwa shilingi 2,500 kila moja ni 7,500. Nazi tatu ni 3,000. Sukari nusu kilo 1,500. Mafuta 4,000. Mkaa 2,000. Hamira na iliki 500. Karatasi za kufungia 500. Jumla ya gharama ni shilingi 19,000. Kilichobaki mkononi ni shilingi 5,000.

Akifanya kazi siku 22 kwa mwezi, jirani ataona mauzo ya shilingi 528,000. Nyumbani inabaki shilingi 110,000, kabla ya kodi ya chumba, chakula cha mchana na cha usiku, sabuni, daftari za shule na dawa za bibi.

Sasa ipime na kipimo cha taifa. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, na mstari wa umaskini wa chakula kwenye shilingi 33,748. Kaya ya Mama Vitumbua ina watu wazima wawili na watoto watatu. Hata kila mtoto akihesabiwa kama nusu ya mtu mzima, shilingi 110,000 ikigawanywa inatoa takriban shilingi 31,400 kwa mtu mzima mmoja. Iko chini ya mistari yote miwili, na bei za sokoni zimepanda tangu utafiti ule ufanyike.

Mama huyu si wa peke yake. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya wananchi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Wengi wa watu hao hawakai bure. Wanalima, wanachuuza, wanafua nguo za watu, wanabeba mizigo. Umaskini wao unatokana na kazi isiyolipa vya kutosha, na kazi hiyo haipaswi kugeuzwa ushahidi kwamba hawana shida.

Ndiyo maana daftari la shilingi mia tano linaweza kuwa kitu cha thamani ndani ya nyumba. Kila jioni kurasa mbili: zilizoingia na zilizotoka. Mama asiyejua kuandika anaweza kumwomba mwanawe wa darasa la tano amwandikie, na mtoto naye akajifunza hesabu kwa hela halisi. Siku ya mkutano ikifika, jibu linakuwa rahisi: “Ndugu mwenyekiti, dada yangu hajakosea, meza ninayo. Hapa nimeandika ninachouza na kinachobaki. Mkutano uamue.”

SIKU MTOTO ANAPOUGUA

Swali la ruzuku hugusa afya ya watoto moja kwa moja, kwa njia ambayo wazazi wa biashara ndogo wanaifahamu kwa jina moja: kula mtaji.

Huanza usiku. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anachemka, anatapika, anakataa kunyonya. Asubuhi jiko haliwashwi. Mama anapanda bodaboda kwenda kituo cha afya. Sera ya nchi inasema watoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma, na wajawazito vilevile. Hata hivyo safari ina nauli. Dawa ikikosekana kituoni, italazimika kununuliwa duka la dawa. Na kuna gharama isiyoandikwa popote: siku mbili au tatu bila kuuza.

Hela inayotumika ni ileile ya kununulia mchele wa kesho. Siku mtoto akipona, mama anarudi nyumbani na mtoto mzima lakini hana shilingi 19,000 za kuanzia. Hapo ndipo wakopeshaji wa mikopo inayoitwa “kausha damu” wanapopata mteja. Anakopa leo, anaanza kurejesha kesho na riba juu, na faida ya shilingi 5,000 inaishia mikononi mwa mkopeshaji. Wazazi wengine hufanya jambo la hatari zaidi: huchelewa kumpeleka mtoto kituoni wakisubiri homa ishuke yenyewe ili mtaji usiguswe. Kwa mtoto mdogo mwenye malaria, nimonia au kuhara kunakomaliza maji mwilini, kuchelewa siku moja kunaweza kugharimu maisha.

Kwa kaya ya namna hii, ruzuku haiji kuchukua nafasi ya biashara. Kiasi chake ni kidogo, hulipwa kwa vipindi, mara nyingi kila baada ya miezi miwili, na hakiwezi kulisha familia peke yake. Faida yake ni kwamba ni fedha inayotarajiwa. Ikitengwa kidogo kwa ajili ya ugonjwa, mtaji unabaki mtaji.

Ushahidi kutoka hapa nchini unaunga mkono jambo hilo. Kabla ya mpango kusambaa, TASAF ilifanya majaribio katika vijiji 80 vya wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, ambapo nusu ya vijiji vilipokea ruzuku yenye masharti kuanzia mwaka 2010. Tathmini iliyochapishwa na Benki ya Dunia mwaka 2014 ilionyesha kuwa watoto wa umri wa hadi miaka minne katika kaya zilizopokea walikuwa na siku chache zaidi za kuugua. Kaya hizo zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, zilinunulia watoto viatu, na ziliongeza mifugo. Bima ni kinga ya mtaji, na mifugo ni akiba inayotembea.

KLINIKI ASUBUHI, BIASHARA ASUBUHI

Sehemu ya ruzuku huambatana na masharti yanayohusu watoto. Walio chini ya miaka mitano wanatakiwa kupelekwa kliniki, na walio katika umri wa shule wanatakiwa kuhudhuria masomo kwa asilimia zisizopungua 80. Kaya isiyotimiza inaweza kupunguziwa sehemu hiyo ya fedha.

Kwa mwenye ajira, kliniki ni suala la kuomba ruhusa. Kwa mama anayejiajiri, ni suala la hela. Vitumbua huuzwa kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na kliniki nyingi huanza kupima watoto muda huohuo. Mama akiwahi kliniki, sinia linalala. Akimaliza kuuza kwanza, anakuta foleni ndefu au siku hiyo upimaji umekwisha.

Wapo wanaolitatua tatizo hili kwa kujua tarehe mapema. Siku ya kliniki imeandikwa kwenye kadi ya mtoto, kwa hiyo siku hiyo hupika nusu, huwahi mteja wa mapema, kisha humwachia meza bibi au jirani. Wengine hupokezana: mama mmoja anauza vya wawili leo, mwenzake atauza vya wawili wiki ijayo. Pale ambapo baba yupo, hakuna sheria inayosema kadi ya kliniki ibebwe na mama pekee. Baba wa bodaboda anaweza kumpeleka mtoto kupimwa uzito na akarudi kijiweni kabla ya saa nne.

Shida hii isiwe sababu ya kuacha kliniki, kwa kuwa faida yake inazidi ruzuku yenyewe. Pale kwenye vipimo vya uzito na urefu ndipo udumavu na utapiamlo huonekana mapema, kabla ya macho ya mzazi kuuona. Hapo ndipo chanjo hukamilishwa. Matone ya vitamini A, yanayotolewa kila baada ya miezi sita kwa watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, husaidia mwili kupambana na maradhi na kulinda macho. Mtoto anayeugua mara chache ni mama anayefunga meza mara chache.

Kadi hiyo itunzwe kama fedha, kwenye mfuko wa nailoni, mbali na maji na panya. Ikipotea, mzazi apige ripoti kituoni mapema ili kumbukumbu zitafutwe kwenye rejista. Na kaya ikihama, au mtoto akizaliwa, akifariki au akihamishwa shule, mabadiliko hayo yapelekwe kwa kamati ya jamii inayosimamia mpango katika eneo husika. Kaya nyingine hupoteza sehemu ya fedha kwa sababu tu mtoto anatafutwa kwenye shule ambayo alishaondoka.

JE, RUZUKU INALETA UVIVU?

Hoja hii husikika kwenye vijiwe vya kahawa na hata ndani ya familia: mtu akipewa hela ya bure ataacha kufanya kazi. Wachumi wamelipima swali hilo. Mwaka 2017, Abhijit Banerjee, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio saba ya mipango ya ruzuku ya serikali katika nchi sita zinazoendelea. Hawakuona ushahidi wa kuaminika kwamba waliopokea walipunguza kazi.

Sababu haihitaji shahada kuielewa. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kwa faida ya shilingi 5,000 hawezi kuacha kuamka kwa sababu ya fedha kidogo inayokuja mara moja kwa miezi miwili. Anachoweza kufanya nayo ni kununua mchele kwa gunia dogo badala ya kilo tatu tatu, akapata nafuu ya bei.

Mpango wenyewe pia hauishii kwenye ruzuku. Kaya yenye mtu mwenye nguvu za kufanya kazi inaweza kushiriki ajira za muda katika miradi ya jamii, kama kuchimba malambo, kutengeneza barabara za ndani au kupanda miti, na kulipwa kwa siku. Kuna pia sehemu ya kukuza uchumi wa kaya: walengwa huunda vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, hupewa mafunzo ya msingi ya biashara, na baadhi hupata ruzuku ya uzalishaji ili waanzishe au wakuze mradi. Mama aliyeficha chuma chake uvunguni atajieleza vipi siku mafunzo ya biashara yatakapofika?

BIASHARA IKIKUA

Hofu ya mwisho inahusu kesho. Mama anajiuliza: nikiongeza meza ya pili, nikapaka nyumba saruji, si nitaondolewa?

Jibu la kweli ni kwamba ndiyo, ipo siku. Hali za kaya hufanyiwa tathmini upya, na zile zilizoimarika hutolewa ili nafasi ziende kwa wengine. Kwenye lugha ya mpango hilo huitwa kuhitimu, na neno lenyewe linaonyesha nia yake. Hata hivyo, kaya haiondolewi kwa sababu Jumamosi moja mama aliuza sinia mbili. Kinachopimwa ni hali iliyodumu.

Kwa hiyo swali la busara kwa mzazi ni atakuwa na nini siku ya kuhitimu ikifika. Aliyetumia kipindi cha ruzuku kununua kuku, kujiunga na kikundi cha akiba na kukata bima ya afya ataondoka akiwa na pa kusimama. Aliyebana biashara yake makusudi ibaki ndogo ataondoka mikono mitupu.

Baada ya hapo zipo njia nyingine. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Tofauti yake na ruzuku lazima ieleweke ndani ya nyumba: ruzuku hairudishwi, mkopo unarudishwa.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Sema ukweli kuhusu kazi yako. Ukiulizwa, itaje biashara na utaje pia kinachobaki baada ya gharama.

2. Andika kila siku, hata siku ambayo hukuuza. Siku za mvua na za kuuguza ni sehemu ya hesabu.

3. Hudhuria mikutano ya kijiji, mtaa au shehia. Majina hutajwa, hupingwa na huthibitishwa pale. Asiyekuwepo husemewa na wengine.

4. Hakikisha jina kwenye kitambulisho cha taifa linafanana na lile la kwenye orodha, na laini ya simu imesajiliwa kwa jina lako. Laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji huleta ugomvi siku ya malipo.

5. Usimpe mtu namba ya siri, na usiweke kitambulisho chako cha mlengwa rehani kwa mkopeshaji. Ujumbe wa simu unaokutaka utume hela kwanza ili upate ruzuku ni utapeli.

6. Ukiona umeachwa au umepunjwa, anzia kwa kamati ya jamii na mtendaji wa kijiji au mtaa. Usiporidhika, nenda kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri. Kuandikwa hakulipiwi. Anayedai hela ili akuandike anaomba rushwa, na TAKUKURU hupokea taarifa bure kwa namba 113.

7. Fedha ikiingia, tenga kwanza ya ugonjwa, hata ikiwa shilingi elfu mbili. Iweke kwenye kikundi au kwa mtu unayemwamini, mbali na hela ya mchele.

Yote haya yanamhusu pia baba anayeshona viatu chini ya mwembe, mvuvi wa ngalawa ya kukodi na kijana anayebeba mizigo sokoni. Kaya ni ya wote wanaokula chungu kimoja, na dodoso huwahesabu wote.

Siku wawezeshaji wakifika mtaani kwa Mama Vitumbua, wamkute kama alivyo: jiko lina moto, meza iko nje, kadi ya kliniki iko kwenye mfuko wa nailoni na daftari liko juu ya meza. Wakitaka kuonja kitumbua, walipe shilingi 200 kama wateja wengine, naye aiandike.